Usiniambie "Ni Tatu Tu"

Kuna namba moja ambayo ningepewa madaraka ningeishusha chini ya ukurasa kesho asubuhi: namba 3 katika taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji. Taarifa hiyo hutolewa kila siku ya majira ya baridi hapa Colorado, Marekani, na katika nchi nyingine zenye milima ya theluji na watu wa kuipanda: Kanada, Uswisi, Austria, Ufaransa. Hatari imepangwa kwa ngazi tano. Ya kwanza ni ndogo, ya tano ni balaa. Mtu akisikia tatu anaiona iko katikati, anajipa moyo kwamba hatari ya katikati inavumilika, anafunga ski zake juu ya gari na kuondoka.

Huko Davos, Uswisi, kuna taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko ambayo imehesabu vifo hivi kwa miongo mingi. Karibu nusu ya wanaokufa hufa siku ya ngazi ya tatu. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Siku ya tano barabara zimefungwa, lifti zimesimama, watu wamejifungia ndani na kahawa yao. Siku ya tatu dhoruba imeshapita, jua linawaka, theluji mpya inameta na kila mwenye miguu yuko mlimani. Tena ngazi zenyewe hazipishani kwa kipimo sawa. Kila ukipanda moja, hatari inazidi maradufu. Wataalamu wanalijua hilo tangu zamani. Mwananchi anayeisoma simu yake huku gari likipata moto halijui.

Mimi ni mtu wa Machame. Kabla ya kuhamia huku nilikuwa mwongoza wageni Kilimanjaro, na kabla ya hapo nilikuwa mgumu, kama tunavyowaita wapagazi, nikibeba mahema ya watu kichwani. Sasa nafanya kazi katika karakana ya lifti za kituo kimoja cha kuteleza kwenye theluji, magharibi ya Denver. Shughuli yangu ni grisi, nyaya na bolti. Kutabiri theluji ni kazi ya wengine. Ila mlima ukikulisha utaujua tu. Nimesoma kozi za maporomoko, nimechimba mashimo ya theluji mbele ya walimu na bila walimu, na siku za mapumziko napanda nje ya mipaka ya vituo, kule ambako hakuna kikosi cha doria kinacholipua miteremko kwa baruti alfajiri ili wateja wateleze salama. Nina neno moja tu la kusema: majira ambayo tabaka dhaifu limelala chini ya theluji, acha kutafuta jibu ndani ya theluji. Litafute kwenye mwinuko wa mteremko.

Nianze na theluji yenyewe, maana kwetu ile ya Kibo ilikuwa ni pambo la kalenda, na wengi nyumbani hudhani kwamba hatari inakuja theluji ikiwa nyingi. Colorado mambo ni kinyume. Hapa theluji kidogo ndiyo mama wa matatizo.

Theluji ya mlimani haikai kama kitu kimoja. Kila dhoruba huacha tabaka lake, na kabla ya dhoruba inayofuata, jua, upepo na baridi hulifanyia kazi tabaka hilo. Mwezi Oktoba theluji ya kwanza huanguka kwenye miteremko ya juu, mita 3,500 na zaidi. Ile iliyoangukia upande wa kusini huyeyuka. Ile ya upande wa kaskazini, kusikofika jua, inabaki, nyembamba, tuseme sentimita 50. Chini yake ardhi bado ina joto la kiangazi, kwa hiyo sehemu inayogusa udongo hukaa karibu na nyuzijoto 0. Juu yake anga halina wingu, na usiku baridi inashuka hadi 15 chini ya sifuri. Gawanya mwenyewe: tofauti ya nyuzijoto 15 katika sentimita 50 ni nyuzijoto 3 kwa kila sentimita 10. Kanuni inayofundishwa ni kwamba tofauti ikipita nyuzijoto 1 kwa kila sentimita 10, mvuke huanza kupanda kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, ukila chembe za theluji huku na kuzijenga upya kule. Chembe zilizokuwa zimeshikana zinakuwa na pembe, zinapanuka, na hatimaye zinageuka vikombe vidogo vyenye mistari, kila kimoja peke yake.

Watu wa hapa huiita theluji ya sukari, na wamepatia. Ukiishika mkononi inamwagika katikati ya vidole kama sukari nyeupe ya dukani, na hata ukiibana vipi haifinyangiki kuwa donge. Sasa chukua baridi ileile uiweke juu ya theluji ya mita 3. Tofauti inakuwa nusu ya nyuzijoto kwa kila sentimita 10, na chembe zinapata nafasi ya kushikana na kutulia. Ndiyo maana milima ya karibu na Pasifiki, inayopata theluji ya kufunika nyumba, kwa kawaida hutulia upesi kuliko yetu. Nasema kwa kawaida, kwa sababu nayo ina ugonjwa wake. Usiku mtulivu usio na mawingu umande huganda juu ya theluji kwa umbo la manyoya, mzuri wa kupigwa picha, kisha theluji mpya inaufukia ukiwa wima. Tabaka la namna hiyo liliporomoka Tunnel Creek, jimbo la Washington, tarehe 19 Februari 2012, likaua watu watatu katika kundi la watu wenye uzoefu mkubwa.

Turudi Colorado. Desemba dhoruba kubwa zinakuja na upepo, na upepo unaishindilia theluji mpya kuwa bamba gumu juu ya ile sukari. Hapo mtego umekamilika. Mtu anapopita, uzito wake unashuka mpaka kwenye tabaka dhaifu, na tabaka hilo linabonyea. Wakati mwingine utasikia mlio mzito, "wuumf", na theluji yote uliyosimama juu yake inashuka kidogo kwa mkupuo mmoja. Aliyesikia mlio huo haulizi maana yake mara ya pili. Ufa unakimbia ndani ya tabaka makumi ya mita kabla hujainua mguu wa pili, na bamba zima linakatika juu yako, pengine mbali sana juu yako. Unaweza kuwa umesimama kwenye tambarare kabisa chini ya mlima na bado ukaliporomosha. Katika ajali nyingi mno, tisa kati ya kumi hivi, poromoko lililoua lilianzishwa na marehemu mwenyewe au mwenzake. Mlima haukuwavizia.

Theluji mpya ikiwa haijatulia, ukisubiri siku mbili tatu mambo mara nyingi hukaa sawa. Tabaka dhaifu la chini halisubirishwi hivyo. Linakaa wiki nyingi, linakaa miezi, na kadiri linavyofukiwa ndivyo dalili zake zinavyopotea. Mlio unakoma. Nyufa za juu hazionekani. Maporomoko ya jirani uliyokuwa ukiyaona kila asubuhi yameisha. Kila kitu kinakuambia njoo. Na likija kukatika, linakatika lote mpaka kwenye udongo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya walimu na rafiki zangu, watu ninaowaheshimu, wanaoamini kwamba ukichimba vizuri utapata jibu. Nami napenda kuchimba. Unalichimba shimo kwa koleo la aluminiamu, unaunyoosha ukuta mpaka uwe wima, kisha unaupapasa kuanzia juu. Kipimo cha ugumu ni mkono wako mwenyewe. Ngumi yenye glavu ikiingia, tabaka ni laini kabisa. Isipoingia unajaribu vidole vinne, halafu kidole kimoja, halafu penseli, halafu kisu. Unashuka: vidole vinne, kidole kimoja, penseli, penseli, penseli. Halafu sentimita 20 kutoka ardhini ngumi inazama mpaka kwenye kifundo cha mkono na chembe zinaanza kuchuruzika zenyewe kutoka ukutani. Unazikinga kwenye kadi nyeusi yenye miraba ya milimita, unaweka lenzi, na unaiona ile mistari kwenye vikombe.

Baada ya hapo unakata nguzo kwa msumeno, upana sentimita 90, kina sentimita 30, unaweka koleo juu ya ncha moja na kuligonga: mara kumi kwa kiganja kutoka kwenye kifundo, mara kumi kutoka kwenye kiwiko, mara kumi kutoka begani. Jaribio hili waliobuni ni Karl Birkeland na Ron Simenhois, na ni zuri kwa sababu halikuulizi tu kama tabaka litapasuka, linakuonyesha kama ufa utasafiri. Ukisafiri kutoka ncha hadi ncha, umepata jibu: rudi nyumbani.

Je, usiposafiri? Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Mpwa wangu, kijana wa chuo, aliniambia tukiwa ndani ya shimo, theluji imemjaa mpaka kwenye kola: "Mjomba, nguzo haijapasuka. Taarifa inasema tatu tu. Na pale juu kuna alama za watu, wamepita jana, tena wengi."

Nikamwambia, "Alama zinasema wamepita. Hazisemi walikosa kukanyaga wapi."

"Sasa shimo tumechimba la nini?"

Swali lake ni la haki, na jibu langu linawaudhi watu wa kozi. Shimo linaweza kukukataza, haliwezi kukuruhusu. Ukiliona tabaka baya, umejua. Usipoliona, umejua habari za mahali ulipochimba, upana wa meza ya chakula. Hatua ishirini mbele upepo umepunguza theluji, kuna mwamba umejificha karibu na uso, tabaka dhaifu liko kina cha goti badala ya kina cha kifua, na uzito wa mtu mmoja unalifikia bila shida. Watu kumi wanaweza kupita juu ya sehemu nene na wasiguse kitu. Wa kumi na moja akapita pembeni ya mwamba. Huyo wa kumi na moja hakuwa mjinga kuliko wale kumi.

Na hili la ujinga nataka nilisemee, kwa sababu kila ajali ikitokea kwenye makundi yetu ya WhatsApp kuna mtu ataandika, "Wazungu bwana, wanakitafuta kifo," na mwingine atamalizia, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jumamosi ya tarehe 20 Aprili 2013, watu sita waliondoka karibu na barabara ya Loveland Pass, mwendo mfupi kutoka Denver, kwenda bonde la Sheep Creek. Walikuwa na vifaa vyote. Walikuwa wamesoma taarifa ya siku hiyo, iliyotaja tabaka dhaifu la chini kwenye miteremko ya kaskazini. Waliuona mteremko huo wa kaskazini juu yao, wakajadiliana, wakakubaliana kupita chini yake haraka na kwa kuachiana nafasi mpaka wafike kwenye miti. Mteremko ukashuka wote juu yao kutoka kwenye udongo. Watano walikufa. Mmoja alinasa akiwa amefukiwa, uso ukiwa huru, akasubiri kwa saa kadhaa kuokolewa. Hao walilisikia la mkuu, tena walilizungumza kwa sauti. Kilichowaponza ni kwamba walikubali kuwa chini ya mteremko mkali kwa dakika chache, mwezi Aprili, wakati wengine tayari wanafikiria kupanda mboga.

Mtafiti Ian McCammon alizipitia ajali 715 za maporomoko hapa Marekani, na alichokikuta hakikuhusu theluji sana. Kilihusu watu: mazoea na mahali, kutaka kukubaliwa na wenzako, haraka ya kuiwahi theluji ambayo haijaguswa, kumwamini aliyetangulia. Waliosoma kozi nao walikuwemo. Mimi nayaona mambo hayo kila wiki kwenye maegesho ya magari, na nimeyaona Kilimanjaro kwa miaka. Mgeni amelipa pesa nyingi, ana siku moja ya kilele, anataka Uhuru.

Ila mlima wetu una ustaarabu fulani ambao huku haupo. Kimo kikikuzidi, Kibo kinakuambia pole pole: kichwa kinauma, chakula kinakataa, unatapika, unayumba. Mwongoza wageni ana muda wa kusema, "Mama, tunashuka," na akishuka naye mita mia chache rangi inarudi usoni. Hata mtu mkaidi anapata onyo la pili na la tatu. Tabaka dhaifu halina utaratibu huo. Unakuwa mzima kabisa, una nguvu, umefurahi, mpaka sekunde ile linapokatika.

Kinachofanana na huku ni njia ya Western Breach, hukohuko Kilimanjaro. Januari 2006 mawe yaliyoachia juu kule yaliua wapandaji watatu kutoka Marekani. Hakuna mtu aliyesema tuwafundishe waongoza wageni kulisoma kila jiwe wajue lipi litaanguka na lipi halitaanguka. Njia ilifungwa. Ilipokuja kufunguliwa, mazungumzo yalikuwa ni wapi pa kulala, saa ngapi ya kupita na wapi usisimame. Huo ndio uamuzi ninaotaka watu waufanye kwenye theluji, kwa sababu unamruhusu mtu kukosea akabaki hai.

Mwinuko ni kitu cha kupimika. Mabamba ya theluji huporomoka hasa kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45, na ajali nyingi hukusanyika karibu na nyuzi 38. Chini ya 30, kama hakuna mteremko mkali juu yako wala pembeni yako, unaweza kuwa umekosea kila kitu kuhusu tabaka, upepo na baridi, na jioni ukala ugali wako. Theluji inabadilika kwa saa. Mteremko wa nyuzi 38 leo utakuwa wa nyuzi 38 Machi. Kipimo cha mwinuko ni kibati cha bei ndogo, na simu nyingi zina uwezo huohuo. Kuna ramani za bure zenye rangi kwa kila kiwango cha mwinuko. Unakaa jikoni usiku, unachora njia yako isiyogusa rangi hizo, na ukiamka huna mjadala na mtu.

Watu huniambia hiyo ni kuteleza kwa wazee. Sawa. Miteremko ya nyuzi 25 kwenye theluji laini ni raha, na wanaoidharau mara nyingi hawajawahi kuijaribu bila kupiga video.

Wengine wanategemea vifaa. Kile kinachotuma mawimbi ya kilohezi 457 kifuani, ufito mrefu wa kuchokolea, koleo: nabeba vyote, na asiyevibeba sipandi naye. Lakini tuambizane ukweli. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri kama akitolewa ndani ya dakika kumi hivi. Baada ya hapo pumzi inaisha na nafasi inaporomoka vibaya. Kumpata, kumchimba kwenye theluji iliyokwisha kuganda, kuufikia mdomo wake, yote hayo kwa mikono inayotetemeka. Na magharibi ya Kanada utafiti ulionyesha kwamba takriban robo ya waliokufa waliuawa na majeraha ya miti na miamba. Hao hata wangechimbuliwa kwa dakika moja isingesaidia.

Majira ya 2020 hadi 2021 yalikuwa mfano wa haya yote kwa pamoja. Theluji ya mapema ilikaa nyembamba, ikageuka sukari karibu kote magharibi ya Marekani, kisha dhoruba zikaja juu yake. Watu 37 walikufa nchini, 12 kati yao hapa Colorado. Vituo vya taarifa vilipiga kelele juu ya tabaka hilo mwanzo hadi mwisho. Siwalaumu watabiri hata kidogo. Wale ni watu wanaoamka saa tisa usiku ili mimi nisome habari zao saa kumi na moja. Ninachowaomba ni mpangilio. Taarifa zao tayari zinataja aina ya tatizo, upande gani wa mlima na kimo gani. Aina ya tatizo iwe ndiyo kichwa cha habari, kwa herufi kubwa: TABAKA DHAIFU LIPO, KAA CHINI YA NYUZI 30. Namba ifuate chini kwa wanaoihitaji. "Tatu" haimwambii mtu afanye nini. Sentensi ile inamwambia.

Wasomaji wengi wa gazeti hili hawatakanyaga theluji maishani, na hawakosi kitu kikubwa, nasema kama mtu anayekwangua kioo cha gari kila alfajiri. Lakini wengi wana watoto, wapwa na mashemeji Denver, Salt Lake City, Calgary na Zürich, na picha zinaingia kwenye kundi la familia: kijana amevaa miwani mikubwa, nyuma yake mlima mweupe. Kabla ya kumwandikia "hongera mwanangu", muulize mteremko ulio juu yake una nyuzi ngapi. Akijibu kwamba leo ni tatu tu, hajajibu swali. Mwambie ashuke kwanza, afungue ramani, kisha akuandikie.